Watoto Wanaweza Kuimba Bila Kupiga Kelele

Karibu kila kanisa nililowahi kuabudu huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, iwe la mjini Arua au lile la ndani ndani unakofika kwa bodaboda tu, siku watoto wanapoimba utamkuta mtu mzima mmoja amekaa benchi la mbele anawafanyia ishara kwa mikono, pandisha, pandisha, huku mdomo wake unasema "kwa nguvu!" Watoto nao wanatii. Mishipa ya shingo inatoka, nyuso zinakunjamana, na kinachosikika sio wimbo tena, ni kelele zenye maneno ya Mungu ndani yake. Alafu kanisa zima linapiga makofi na vigelegele, mchungaji anasema hawa watoto wamejaa Roho, na mtoto anajifunza pale pale kwamba kuimba ni kupiga kelele mpaka wakubwa wafurahi.

Mi nafundisha kwaya ya watoto hapa Arua, kwenye ibada yetu ya Kiswahili, na hili jambo linaniuma kwelikweli. Mtoto anakuja na sauti safi kutoka kwa Mungu wake, sisi wenyewe tunamfundisha kuiharibu, tena kanisani, tena kwa makofi. Na dawa yake sio ngumu wala haihitaji kibodi cha mamilioni, inahitaji mwalimu ajue vitu vichache kuhusu koo la mtoto alafu awe na subira. Haya mambo nimeshawaambia walimu wenzangu kwa voisi za WhatsApp mara nyingi sana, kwaiyo leo naandika yote mahali pamoja, anayetaka asome, anayetaka amtumie mwenzake.

Tuanze na pale wimbo unapoanzishiwa maana shida nyingi zinazaliwa hapo. Anayeanzisha wimbo ni mtu mzima, na mtu mzima anaanzishia pale panapomfaa yeye. Mama mwenye sauti nzito anaanzisha chini, kijana wa kibodi anapiga kwenye C (hizi herufi ni majina ya noti) kwa sababu C haina vile vitufe vyeusi, basi watoto wanaburutwa huko chini ambako wao hawana sauti. Nyuzi za sauti za mtoto ni fupi na nyembamba, hazijakomaa, na kwa mtoto wa miaka 6 hadi 8 panapomkaa vizuri ni kuanzia D iliyo juu kidogo ya C ya katikati ya kibodi mpaka kwenye A hivi. Wakubwa wao, wa miaka 9 hadi 12, wanaweza kutembea kuanzia C hiyo ya katikati mpaka D au hata E ya juu bila taabu. Sasa ukianzisha wimbo ambao nusu yake iko chini ya C, mtoto afanyeje? Huko chini sauti yake ni hewa tu, haisikiki, na wewe unamwambia hatukusikii, kwaiyo anachukua ile sauti ya kifua, ya kuitia mwenzake ng'ambo ya barabara, anaisukuma kwa nguvu zake zote. Watu wengi wanadhani watoto wanapiga kelele kwa sababu wimbo uko juu mno. Mara nyingi ni kinyume chake, wimbo uko chini mno.

Tulikuwa na wimbo mmoja wa kuabudu, wa polepole, tumeuimba kwenye C muda mrefu na kila mara ulikuwa unasikika kama watoto wanagombana. Jumamosi moja nikamwambia kijana wa kibodi, panda, weka F. Akanitazama kama namtania. Nikawaambia watoto waimbe taratibu, kama wanaongea na mtoto mchanga aliyelala mgongoni kwa mama yake, basi. Mstari wa kwanza ulikuwa wa wasiwasi, wa pili ukatulia, na walipofika kwenye kiitikio ikatoka sauti ambayo haijawahi kutoka kwenye lile jengo, nyembamba, safi, imekwenda moja kwa moja mpaka kwenye mabati. Binti mmoja wa P3, darasa la tatu la shule ya msingi, aliacha kuimba akageuka kuangalia nyuma, alidhani kuna watu wengine wameingia mlangoni. Nilimwonyesha kwa kidole: ni nyie.

Hiyo ndo inaitwa sauti ya kichwa, na kila mtoto anayo. Usimweleze mtoto habari za sauti ya kichwa na sauti ya kifua maana atakukodolea macho tu, mpe mchezo. Sisi tunacheza ambulansi. Mji wetu una hospitali ya rufaa, kila mtoto anajua ambulansi inavyolia, kwaiyo tunaanza chini kabisa wuuuuu tunapanda mpaka juu kabisa alafu tunashuka, bila maneno, bila kusukuma. Mtoto anapofika kule juu anaingia kwenye sauti ya kichwa mwenyewe kabla hajajua ameingia. Alafu tunachukua wimbo wenyewe tunauimba kwa "lu, lu, lu" tu, maneno baadae, maana maneno ndo yanaleta ile tabia ya kupayuka. Wakishaujua mwendo wa sauti ndo nawapa maneno, mstari mmoja mmoja, naimba wao wananyamaza wanasikiliza, alafu wanaimba mimi nanyamaza nasikiliza. Hapo kwenye kunyamaza walimu wengi tunashindwa, tunaimba pamoja nao mwanzo mwisho, matokeo yake hatusikii makosa yao na wao hawajifunzi kusimama wenyewe.

Na kama mwalimu ni mwanaume, kama mimi, kuna jambo la kuangalia sana. Sauti yangu iko chini ya sauti ya mtoto kwa oktava nzima, yaani kutoka do mpaka do inayofuata. Mtu mzima anasikia "ni noti ile ile" kwa sababu sikio lake limezoea, lakini mtoto wa miaka 5 au 6 anasikia ngurumo iliyo chini na anajaribu kuifuata huko huko chini, anashindwa, alafu tunasema huyu hajui kuimba. Kwaiyo mimi natumia ile sauti nyembamba ya juu, ndio, kijana mzima nikiimba kama mama, au namwita binti mkubwa wa kwaya mwenye sikio zuri atoe noti na wenzake wamfuate yeye. Watoto wanamfuata mtoto mwenzao haraka zaidi kuliko wanavyomfuata mtu mzima, na hilo halikuondolei heshima yako ya ualimu hata kidogo.

Sasa kuhusu wale wanaoitwa hawana sauti. Hapa ndo nataka tukae kidogo.

Kila kwaya ina mtoto anayeimba noti moja tu mwanzo mpaka mwisho, kama injini ya mashine ya kusaga imewashwa pembeni. Wenzake wanamcheka, na mwalimu mwenye haraka ya Jumapili anamwambia "wewe fungua mdomo tu usitoe sauti" au anampa kazi ya kubeba bendera. Nimekutana na watu wazima, wazee kabisa wa kanisa, ambao mpaka leo wimbo ukianza wanatazama chini, ukiuliza wanakwambia walipokuwa shule ya Jumapili mwalimu aliwatoa kwenye kwaya. Maisha yote mtu anaabudu akiwa amefunga mdomo kwa sababu ya sentensi moja aliyoambiwa akiwa na miaka saba.

Tulikuwa na kijana wa hivyo, mtoto wa mama anayeuza samaki wakavu sokoni, mpole, hakosi mazoezi hata mvua inyeshe. Noti yake moja. Siku moja badala ya kumwambia apande nilimwambia abaki pale pale, ashike sauti yake asiiachie, "aaaa". Nikaitafuta kwenye kibodi, ilikuwa A ya chini, chini ya C ya katikati. Nikawaambia wote njooni hapa alipo, wote tuimbe noti ya mwenzenu. Wale watoto wakaja, wengine wanahema tu maana ni chini, lakini yeye kwa mara ya kwanza alisikia sauti yake na sauti za wenzake ni kitu kimoja, na uso wake ulibadilika, niliona kabisa ameshtuka. Alafu tukapanda nusu hatua, wote pamoja, naye akapanda. Tukapanda tena. Hatukufika mbali siku hiyo, tukafika kwenye C au C sharp hivi, nusu hatua juu yake, tukaacha. Kila Jumamosi tukawa tunamfuata alipo alafu tunapanda naye, na nikamuweka katikati ya wawili wenye sauti za uhakika, mmoja kila sikio. Leo anaimba. Hana sauti ya kuanzisha wimbo peke yake, na pengine hatakuwa nayo, lakini anaimba, yuko ndani ya wimbo, na mama yake Jumapili anaacha samaki wake kwa jirani anakuja kukaa mbele.

Mtoto asiyepatia noti mara nyingi hana shida ya masikio wala ya koo, hajazoea tu kusikia sauti yake mwenyewe ikiwa ndani ya sauti za watu. Ukizidisha kelele ndo umemmaliza kabisa, maana atajisikiaje? Kwaya inayoimba taratibu inamsaidia yule dhaifu kuliko zawadi yoyote utakayompa.

Mtoto akiwa na sauti ya kukwaruza usimwimbishe. Kupiga kelele kila siku kunaweza kuleta vinundu kwenye nyuzi za sauti, hilo madaktari wanalijua vizuri, na watoto wetu wana kazi ngumu hata kabla hawajafika kanisani, anaita wateja sokoni, anapiga kelele uwanjani, anasoma kwa sauti na darasa la watoto mia. Apumzike, anywe maji. Na asinong'one, maana watu wanafikiri kunong'ona ni kupumzisha koo kumbe kunalichosha. Ukwaruzaji ukizidi wiki mbili tatu mzazi ampeleke akaonekane. Na kabla ya mazoezi muulize amekula. Sisi tunaanza na uji, akina mama wa kanisa wanajipanga kwa zamu, kwa sababu pumzi ya wimbo inasukumwa na misuli ya tumbo, na tumbo ambalo halijaona kitu tangu asubuhi halisukumi chochote.

Jumapili ya kwanza tulipoimba kwa namna hii mzee mmoja wa kanisa alinivuta pembeni baada ya ibada, "Mwalimu, leo watoto wako wana njaa?" Nikamjibu kwa heshima, "Hapana mzee wangu, leo wameimba." Nikamwomba wiki ijayo asikae nyuma karibu na spika, akae mbele kulia. Alikaa. Na hapo kuna jambo la spika ambalo lazima tuambiane. Watoto 30 wanaimba mbele, maiki moja iko kwa yule mwenye sauti kubwa, kibodi iko juu, ngoma iko juu, kijana wa mitambo anaongeza besi, sasa hata watoto wakiimba kama malaika nani atawasikia? Ndo maana wanapayuka. Kama jengo lako ni la kawaida, zima maiki siku hiyo. Acha watu wazima wajifunze kunyamaza ili wasikie, itawafaa hata wakati wa mahubiri.

Na sisi wa West Nile tuna adungu! Hiki chombo ni cha Waalur, ndugu zetu wa Nebbi na Pakwach, lakini sasa hivi utakikuta makanisani sehemu nyingi za Uganda. Bakuli la mti limevikwa ngozi, shingo imepinda kama upinde, nyuzi zinatoka huku zinaenda kule, kuna ndogo ya kuimba juu na kuna kubwa kabisa ya besi ambayo mpigaji anaikalia nyuma. Wengi wanaitengeneza ifuate do-re-mi ya kawaida kwaiyo inakaa vizuri na nyimbo za kanisa. Sauti yake haifuniki mtoto, inamshika mkono, na umeme ukikatika, na huku kwetu tumeishi na umeme wa kukatika miaka mingi, mazoezi yanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kibodi tunakipenda, lakini ningekuwa na uwezo wa kununua kitu kimoja kwa kwaya mpya ya watoto kijijini ningenunua adungu mbili, ndogo na ya kati, na nyuzi za akiba.

Lugha sasa. Kwaya yetu ina watoto wa Kilugbara, Wakakwa, Wamadi, Waalur, watoto wa askari ambao nyumbani Kiswahili ndo lugha ya mama, Wakongo waliovuka kutoka upande wa Ariwara na Kiswahili chao kizuri chenye ladha ya Lingala, na watoto wa Sudan Kusini waliokuja na familia zao na wanaongea Kiarabu cha Juba. Huwezi kueleza kitu kimoja kwa lugha moja ukaeleweka. Kilichotuokoa ni ishara za mikono za do-re-mi. Mfumo huu wa do-re-mi tunaoutumia kwenye kwaya zetu aliuanza mwalimu mmoja wa Uingereza, mama Sarah Glover, alafu mchungaji John Curwen akauendeleza na kuusambaza karne ya 19, na Curwen alianza hiyo kazi 1841 kwa sababu walimu wa shule za Jumapili walikuwa wanatafuta njia nzuri ya kufundisha watoto kuimba. Yaani hiki kitu tangu mwanzo ni mali ya watoto wa shule ya Jumapili, wamisionari ndo wakakibeba mpaka kwetu. Do ni ngumi, mi ni kiganja kilicholala, so kiganja kinaangalia kifuani, ti kidole kinaonyesha juu. Mtoto aliyefika wiki iliyopita kutoka Yei hajui neno hata moja la Kiswahili, lakini anaona mkono wangu na anajua aende wapi. Naonyesha mkono kimya kimya, wao wanaimba, mkono wa kulia kundi hili, mkono wa kushoto kundi lile, na ghafla tuna sauti mbili bila mtu kujua tumefikaje.

Kuna watu wanaoniuliza kwa nini nahangaika na Kiswahili kwenye kwaya ya watoto wa Uganda, kwa sababu nchi hii, hasa kule Buganda, watu wa umri fulani wakisikia Kiswahili wanakumbuka askari na mitutu. Nawaelewa, yaliyotokea yalitokea. Lakini huwa nawapa watoto habari ya tarehe 31 Januari 1885, pale Busega karibu na Natete, vijana watatu, Makko Kakumba, Yusufu Rugarama na Nuwa Serwanga, walivyouawa kwa ajili ya imani, wa kwanza kabisa kati ya Mashahidi wa Uganda. Na inasimuliwa tangu zile siku kwamba walikwenda kwenye mauti yao wakiimba wimbo wa Kiswahili, maana wamisionari wa mwanzo walianza kufundisha kwa Kiswahili kabla hawajaishika vizuri Luganda. Wavulana, wanaimba, Kiswahili, hapa hapa Uganda. Mwaka ule hakukuwa na spika wala sare. Siku niliyowasimulia hilo hakuna aliyecheza cheza kwenye mazoezi, na wale watoto wa askari ambao shuleni wanachekwa kwa lugha yao walikaa wima.

Tukifika kwenye maneno ya nyimbo nitaongea wazi na najua sitapendwa na wote. Tunawapa watoto nyimbo za watu wazima. Wimbo umevuma redioni, mtoto wa miaka saba anasimama mbele anaimba adui zangu wataaibika, waliosema sitafika wataona, huku anatikisa kidole na kanisa linalipuka. Mtoto mmoja aliniuliza baada ya mazoezi, bila mzaha hata kidogo, "Ticha, adui yangu ni nani?" Nikamuuliza wewe unafikiri ni nani. Akataja jina la mtoto wa jirani yao, ambaye mama zao hawasalimiani. Nilikaa na lile jibu wiki nzima. Zaburi zina habari za maadui, ndio, na mtu mzima aliyepita vitani anajua anachoomba anapoziimba. Lakini mtoto anakula kila unachompa. Wimbo anaoimba mara 40 kwenye mazoezi utabaki kichwani mwake baada ya mahubiri yako yote kusahaulika, kwaiyo mimi nachagua nyimbo za kushukuru, za Mungu aliyeumba vitu ambavyo mtoto anaviona, mto, mvua, embe, nyimbo za huzuni pia maana watoto wana huzuni zao, wengine wamezika, na nyimbo za kuombea watu wengine. Vita vya familia tubaki navyo sisi wakubwa.

Pesa za kutunza. Watoto wakiimba watu wanainuka wanakwenda kuwabandika noti, yule mzuri wa sura anapata nyingi, yule wa mstari wa nyuma hapati kitu, wengine wanaanza kuangalia mkono wa mtu badala ya mkono wa mwalimu. Sisi tumeweka kikapu, kinakaa pembeni, anayebarikiwa aweke humo, na zinanunua sukari ya uji na nyuzi za adungu, na hesabu inasomwa mbele ya wazazi. Picha nazo, mtoto wa mwenzako usimrushe TikTok bila mzazi kukubali, na usimpige picha akiwa na nguo iliyochanika ili mgeni wa nje aone huruma, hiyo ni dharau kwa mtoto na kwa mzazi wake. Mazoezi tunamaliza jua bado liko juu, watu wazima wawili wapo muda wote, na mkesha wa usiku kucha sio mahali pa kwaya ya watoto, waimbe mapema wakalale.

Wazazi wananiuliza, ticha, hawa wataenda lini Ulaya? Siwalaumu. Uganda inajulikana duniani kwa kwaya za watoto, African Children's Choir ilianzia hapa 1984, na kwaya za watoto za lile kanisa la Kampala linaloitwa Watoto Church zimekuwa zikizunguka nchi za watu tangu 1994. Wao wana kazi yao na mpango wao. Kwangu mimi kwaya ya watoto ni ya wale waliokaa kwenye mabenchi ya kanisa lile lile, ni ya bibi asiyeona vizuri anayetambua sauti ya mjukuu wake. Kama mtoto anaimba ili siku moja apande ndege, basi kila Jumapili anayobaki Arua ataihesabu kuwa ya kushindwa, na mi sitaki mtoto aimbe hivyo.

Kitu kinachotupa shida kubwa ni kalenda ya shule. Muhula wa kwanza ukianza Februari nusu ya sauti zangu nzuri zinapanda basi kwenda bodingi. Muhula wa tatu watoto wa P7 hawaonekani, wana mtihani wao wa PLE, wa kumaliza shule ya msingi, mwezi wa Novemba na wazazi hawataki kusikia neno mazoezi. Likizo wote wanarudi na kwaya inafurika. Kwaiyo huwezi kupanga kwaya ya watoto ya Uganda kama vile watu ni wale wale mwaka mzima. Tuna makundi mawili, wadogo ambao wapo daima na ndo uti wa mgongo, na wakubwa wa likizo. Wimbo mpya wanaujua kwanza wadogo, na wakubwa wakirudi wanafundishwa na wadogo zao. Mara ya kwanza vijana wa S1, mwaka wa kwanza wa sekondari, walinuna, kufundishwa na mtoto wa P4! Sasa wameshazoea, na wadogo wanajiandaa vizuri sana kwa sababu wanajua watasimama mbele ya kaka zao.

Wavulana wanaorudi na sauti inayovunjika, miaka 12, 13, 14 hapo, msiwaachie waondoke. Kikoromeo kinakua, nyuzi zinarefuka na kunenepa, leo anaimba kesho sauti inamkimbia katikati ya mstari na wasichana wanacheka, kwaiyo anaacha kuja, na akiacha kuja kwaya mara nyingi ameacha kuja kanisa. Mwambie mapema kabla haijaanza kwamba itakuja na sio ugonjwa. Mtafutie noti nne tano ambazo zinamkaa kwa sasa, mtungie mstari wake hapo hapo wa kujibu kiitikio, na asisukume. Noti zikibadilika mwezi ujao badilisha mstari. Mwingine mpe adungu kubwa au ngoma kwa miezi kadhaa huku anaimba kidogo kidogo. Wawili kati ya vijana wangu walipita hivyo, sasa mmoja anaimba besi kwenye kwaya kubwa na mwingine ndo huyo huyo wa kibodi niliyemwambia aweke F.

Yeye ndo ameshaanza kuwaongoza wadogo likizo hizi, na tayari ananisumbua tuhamishe nyimbo mbili nyingine zipande kwa hatua moja kabla ya Krismasi. Jumamosi hii saa nane mchana tunazijaribu.